Mtu Anayehesabu Kando ya Mafunjo

Jumapili, 4 Machi 2012

Leo ni miaka miwili na miezi mitano tangu nitoke Walungu, Kongo. Daftari la zamani limejaa, nimenunua hili soko la Nakivubo, hapa Kampala, baada ya misa. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, kisha baba akafa na jembe likawa langu. Naandika ili nisisahau kuandika.

Kazi bado ni ileile. Chini ya Kyebando kuna kinamasi cha mafunjo, na tajiri mmoja ambaye hatujawahi kumwona anataka kusimamisha maghala hapo. Malori yanamwaga udongo mwekundu, sisi tunausambaza kwa beleshi na kuushindilia. Tuko tisa. Nyapara wetu ni Wahabi. Mimi ananiita "Mukongo", ingawa jina langu Mugisho analijua.

Chumba nimepanga kwa Mama Nafuna, mjane aliyetoka Mbale mwaka ule baada ya vita kwisha hapa. Shamba lake la magimbi linapakana na kifusi chetu. Mchana namfanyia kazi jirani yake, usiku nalala kwake. Hajaniuliza lolote juu ya hilo, na mtu asiyeuliza ananitia wasiwasi.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Lori halikuja.

Ijumaa, 9 Machi

Kuna mtu anakuja saa kumi alasiri. Amevaa koti, viatu vimepigwa rangi, anakaa juu ya jiwe upande wa Mama Nafuna na kutazama mafunjo. Hafanyi kitu kingine. Anatazama, anaandika, anatazama tena. Leo ni mara ya tatu.

Hapa Kampala sijaona mtu anayetazama ardhi bila kutaka kuinunua au kuiuza.

Jumatano, 14 Machi

Mtu wa koti alikuja kunywa chai kwa Laker, mama wa Kiacholi anayetuuzia chai na mihogo pale kwenye lango la kazi. Alishika kikombe bila kunywa, macho yakiwa kwa ndege wa kwenye mafunjo.

Laker akamwambia, "Mwalimu, hiyo chai utakunywa ama utaiandika?"

Tulicheka wote, hata yeye. Kumbe ni mwalimu kweli, Mkenya wa Bungoma, jina lake Masinde. Anafundisha Kiingereza katika shule moja ya watu binafsi huko juu. Mwalimu alipoondoka, Wahabi alitema mate.

"Mwalimu gani hana madaftari ya kusahihisha saa kumi? Huyo ni dalali. Nimewaona wengi. Wanakuja na tai, wanaondoka na hati."

Jumamosi, 17 Machi

Wahabi ameniita pembeni. "Mukongo, wewe unalala kwa huyo mama. Fungua macho. Huyo mwalimu akiongea na yeye, nataka kujua wameongea nini."

Nimesema sawa. Ningesema nini? Watu wa kushika beleshi langu wako langoni kila asubuhi.

Jumanne, 20 Machi

Mvua usiku kucha. Lori lilizama hadi mhimili. Tulilisukuma mpaka mchana.

Jumapili, 25 Machi

Nimekaa na mwalimu leo. Nilikwenda mwenyewe kumchunguza, sitaficha hapa. Nilikuwa nafua uani, yeye yuko juu ya jiwe lake, nikamsogelea.

"Shikamoo mwalimu. Leo hata Jumapili?"

"Marahaba, kaka. Jumapili ndiyo hakuna lori."

Nikamwuliza anatafuta nini hapa. Alicheka kidogo, akaniambia kwamba mwaka huu anafundisha mashairi ya Waingereza wa miaka mia mbili iliyopita. Wakati ule viwanda vilianza kwao. Moshi, mashine, watoto wakifanya kazi usiku na mchana, watu wakiacha mashamba kukimbilia mijini. Washairi fulani wakakataa. Wakasema mtu anayetazama mto na kuona bei peke yake amepoteza kitu ambacho hawezi kukinunua tena. Wakatoka kwenda kutembea milimani na kukaa kando ya maji, wakaandika.

"Wanafunzi wangu wanakariri ili wafaulu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka kuyaona haya mafunjo, na shule iko pale juu. Nikaona aibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijashuka. Sasa najaribu kuandika ya hapa, kwa Kiswahili."

Nikamwuliza: hao waliotembea milimani, chakula chao kililimwa na nani?

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Hilo hata mwanafunzi hajaniuliza."

"Mwalimu, mimi nimekaa kando ya maji miaka yote. Nilikuwa nalima. Mlima wetu ulikuwa na chemchemi nne. Wakaja watu wa dhahabu. Kwanza mmoja alikaa siku nyingi anatazama tu, kama wewe. Tulimpa maziwa. Mwaka uliofuata mlima ulikuwa mashimo, na maji yalikuwa mekundu, ng'ombe akiyanywa anaharisha. Kwa hiyo usinione mbaya nikikuuliza unatazama nini."

Hakukasirika. Aliuliza chemchemi zile zilikuwa na majina, nikamtajia. Akaziandika zote nne!

Kwa nini aandike majina ya chemchemi zangu? Nimerudi chumbani nikijilaumu. Nilikwenda kuchukua habari, nikaacha zangu.

Jumatano, 28 Machi

Leo nimemwona kwa macho yangu. Ninaandika pole pole ili nisiongeze kitu.

Kati ya shamba la Mama Nafuna na kifusi kuna mstari wa ile miti ya mpaka, yenye majani marefu kama panga. Waganda huiita luwaanyi. Kwetu Bushi tunaipanda vilevile: ukikata kijiti na kukichomeka, kinaota, na hapo ndipo shamba lako linapokwisha. Hata mtoto anajua haichezewi. Mama Nafuna aliwahi kunionyesha karatasi aliyonunulia shamba. Haina vipimo. Imeandikwa tu kwamba mpaka unafuata luwaanyi mpaka majini, na chini kuna majina ya mashahidi. Wote wamekufa.

Mwalimu alitembea kufuata mstari huo kutoka juu hadi majini. Midomo inacheza, anahesabu kwa vidole. Nane. Anasimama. Nane tena. Anarudi juu, anaanza upya. Amefanya hivyo mara tatu.

Nikamwambia Wahabi.

"Anapima," Wahabi akasema. "Si nilikuambia? Huyo mama anamwuzia. Siku akisaini, nyinyi wapangaji wote mko barabarani."

Jumamosi, 31 Machi

Nilimwomba Mama Nafuna arekebishe bati langu, linavuja juu ya kitanda. Akasema, "Subiri kwanza, mwanangu. Kuna mambo naangalia."

Mambo gani?

Jumanne, 3 Aprili

Mama Nafuna amesafiri kwenda Mbale kwa Pasaka. Ameniachia ufunguo wa geti. Ameniachia mimi, wapangaji tuko watano.

Jioni Wahabi akanifuata njiani. Sauti ilikuwa ya upole, na Wahabi mpole simpendi.

"Kesho kabla wengine hawajafika, kata ile miti. Yote, hadi chini. Lori linataka kugeuka pale."

"Bosi, ile ni miti ya mpaka."

"Ni majani. Na mpaka wa nani? Mama ameshauza kwa mwalimu. Unataka kumlindia dalali? Akipima akaikuta, tajiri anapoteza, mimi napoteza, wewe unapoteza. Ama beleshi nimpe mwingine?"

Alhamisi, 5 Aprili

Jana sikuandika. Naandika leo.

Nilifungua geti saa kumi na mbili kasoro, kwa ufunguo wake. Kulikuwa na ukungu na mafunjo yalikuwa yanadondosha maji. Nilijiambia namkomoa mwalimu. Nilijiambia yule wa mlimani kwetu hatukumzuia mapema, huyu namzuia mapema. Maneno hayo yalinisaidia kwa miti miwili. Katika mti wa tatu kulikuwa na kiota, ndege akatoka akipiga kelele usoni pangu. Nikaendelea. Mti wa sita ulikuwa umejikunja juu ya jiwe, panga likagonga jiwe, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Nikaendelea. Ilikuwa kumi na moja. Nikatupa majani majini, yakaelea hapohapo, hayakutaka kuondoka.

Saa mbili malori matatu yalikuja mfululizo. Wahabi mwenyewe aliwaonyesha mahali pa kumwaga. Hawakugeuka pale hata kidogo, walimwaga tu. Mchana kifusi kilikuwa kimeingia hatua ishirini ndani ya magimbi ya Mama Nafuna.

Hapo ndipo nilijua. Mtu anayezuia dalali haendelei hatua ishirini.

Leo mwalimu alikuja, akasimama, akaanza kupiga kelele. Vijana wawili wa Wahabi wakamshika, wakamnyang'anya daftari, wakamsukuma matopeni na koti lake. Nilikuwa nimesimama karibu, beleshi mkononi. Alinitazama. Nikainama nikachota udongo.

Jumapili, 8 Aprili, Pasaka

Sikwenda kanisani. Nimempigia simu mke wangu Benedicte, aliyebaki Walungu. Aliuliza kama nimekula nyama. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 10 Aprili

Mama Nafuna amerudi. Sikuwepo alipofika shambani, nilikuwa upande wa pili wa kifusi, lakini nilimsikia. Hakulia. Aliita jina la marehemu mumewe mara moja tu, kama mtu anayemwita aje aone.

Jioni alisimama mlangoni kwangu. "Mugisho, geti lilivunjwa?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Akaenda zake.

Jumamosi, 14 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Ilianza saa tisa mchana. Maji hayakupata njia kwa mafunjo, tumeyafukia, yakarudi kwetu. Yameingia vyumba vyote vitano hadi magotini. Unga wangu umeharibika, godoro limeharibika. Tulikuwa tunachota kwa masufuria, na Mama Nafuna anachota pamoja nasi, sketi ameifunga kiunoni.

"Hayana makosa," alisema. "Yanatafuta kwao."

Mmoja wa wapangaji, Marjan, akasema kwa sauti ili nisikie: "Wengine wanalipwa kufukia, halafu wanakuja kuchota na sisi bure."

Nikaendelea kuchota. Daftari hili nilikuwa nimelifunga kwenye plastiki juu ya dari.

Alhamisi, 19 Aprili

Homa. Nimelala.

Jumapili, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilinunua muhogo kwa Laker. Aliufunga kwenye karatasi kama siku zote. Nilipomaliza kula nikaona mwandiko, nikaikunjua karatasi. Ni ukurasa wa daftari la mwalimu. Vijana wa Wahabi walilipekua wakitafuta bei na majina ya wanunuzi, hawakukuta kitu, wakampa Laker la kufungia. Juu kuna tarehe, 29 Machi. Chini kuna maneno haya:

Kumi na moja kwa safu, mpaka maji kufika,
Ya tatu nyumba nadhifu, mnana ameisuka,
Ya sita shina dhaifu, kwa jiwe imejishika,
Ya mwisho yanywa majini, nani atazihamisha?

Juu ya kila silabi kuna alama ndogo ya kalamu. Nimezihesabu. Nane, kisha mkato. Nane, mwisho wa mstari. Nane, nane. Nilihesabu kwa vidole vyangu, midomo inacheza, Laker akanitazama.

"Na wewe umeanza?" akasema. "Huyo mwalimu alikuwa anakaa hapa na hiyo nane yake mpaka chai inapoa. 'Laker, sikiliza hii. Laker, imezidi moja.' Nilimwambia aniondolee hesabu, mimi nimeacha shule."

Hakuwa anapima shamba.

Nimeuweka ukurasa chini ya shati. Una mafuta ya muhogo, lakini unasomeka.

Jumatano, 25 Aprili

Mama Nafuna amemshitaki tajiri kwa mwenyekiti wa mtaa. Kikao ni Jumapili, tarehe 6. Yale mambo aliyokuwa anaangalia nimeyajua leo. Alikuwa anakusanya bati za zamani katika soko la Owino, anunue zote kwa pamoja, aezeke upya vyumba vyote.

Ijumaa, 27 Aprili

Bado nafikiri mwalimu hana hatia kamili. Mtu mzima kutazama majani mwezi mzima katika mji huu, bila kumweleza mwenye shamba wala wafanyakazi, atawezaje asishukiwe? Lakini nikisoma ule ukurasa naiona miti yote, mmoja mmoja. Mimi niliyeikata kwa mkono wangu nilikuwa nimeshaanza kuisahau.

Jumanne, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tumefanya kazi.

Alhamisi, 3 Mei

Wahabi amesema siku ya kikao nisikanyage pale. "Mukongo, karatasi zako za ukimbizi ziko sawa? Zote?" Alikuwa anatabasamu. Karatasi zangu ziliisha muda Januari.

Jumapili, 6 Mei

Kikao kilifanyika uani kwa mwenyekiti, watu labda arobaini. Tajiri hakuja, alimtuma mtu wa suti aliyefungua ramani kubwa juu ya meza. Kwenye ramani yake mstari unapita katikati ya magimbi. Wahabi alikaa nyuma yake.

Mama Nafuna alitoa karatasi yake. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisoma kwa sauti: mpaka unafuata luwaanyi mpaka majini.

Mtu wa suti akasema, "Luwaanyi gani, ssebo mwenyekiti? Twende tuone hata mmoja."

Watu wakanung'unika. Mwalimu Masinde akasimama, akasema aliiona yote, ilikuwa kumi na moja, na akasema shairi lake kwa kichwa. Mtu wa suti alicheka mpaka akafuta macho.

"Mwenyekiti, mimi nimeleta ramani. Wao wameleta wimbo. Na bila shaka aliutunga jana."

"Si jana!" Laker akapaza sauti kutoka ukutani. "Nilichoka nao tangu Machi!"

"Mama wa chai naye ni mpima ardhi?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa upande wetu. Nikamwona Mama Nafuna anaikunja karatasi yake, anaikunja tena, inakuwa ndogo. Mwenyekiti alisema bila shahidi wa mpaka mikono yake imefungwa. Akachukua kalamu.

Sikusimama kwa ushujaa. Niliogopa kuona anachoandika.

"Niliikata mimi," nikasema.

Watu wote wakanigeukia. Nikatoa ukurasa, nikampa mwenyekiti, na tarehe yake na mafuta yake. Nikaeleza ufunguo, geti, saa, na nani aliniagiza. Wahabi akasimama. "Huyu ni mwizi! Mkongo hana hata karatasi!" Mwenyekiti akamwambia akae. Nikasema luwaanyi haifi kwa kukatwa, mashina yako chini ya kifusi, na mti wa sita una jiwe. Nipeni beleshi.

Tulishuka wote shambani, hata watoto. Nilipima kwa macho kutoka majini, kwa sababu wa mwisho ulikuwa ndani ya maji. Shimo la kwanza hakuna kitu. Mtu wa suti alitazama saa yake. Nikasogea hatua mbili, nikachimba, nikachimba. Kwanza niligonga jiwe. Kisha mwalimu akapiga magoti na suruali yake safi, akafukua kwa mikono. Shina lilikuwa limelalia jiwe, limekatwa mshazari, na pembeni lilikuwa limeshatoa jicho jeupe likitafuta juu.

Mwenyekiti alivua miwani, akaangalia ukurasa, akaangalia shina. "Ya sita," akasema. "Endelea."

Kufikia jioni tulikuwa tumepata tisa. Mpaka umerudi palepale. Kifusi kiondolewe ndani ya mwezi mmoja, na mtu wa suti akasaini.

Sina kazi tena. Hilo nililijua nilipokuwa bado nimekaa.

Jumatatu, 7 Mei

Mama Nafuna ameniita asubuhi. Nilidhani atanishukuru. Nilikuwa mjinga.

"Umesema kweli, nimesikia. Lakini mkono ni wako na ufunguo ni wangu. Chumba sikupi tena."

"Naelewa, mama."

"Ila hutaondoka hivi. Utapanda ile iliyokosekana, mbele ya majirani. Aliyekata ndiye anachomeka. Utakaa hapa mpaka ishike, nione imetoa majani. Halafu nenda kwenu."

Nimepanda vijiti viwili mchana huu, watu kumi wakishuhudia. Marjan alinishikia ndoo.

Jumapili, 13 Mei

Mwalimu alikuja. Alikaa kwenye jiwe, nami nikakaa chini. Akasema aliniona ile siku nilipoinama na beleshi. Nikasema najua. Akauliza kama anaweza kuandika juu ya kikao. Nikamwambia aandike, lakini jina langu na chemchemi zangu aviache. Sijui kama atatii. Watu wanaoandika hawaachi kitu.

Jumamosi, 19 Mei

Mvua inapungua. Nafanya kibarua cha kubeba mizigo Owino asubuhi, narudi saa nane. Vijana wa Wahabi bado wanapita barabarani. Kwa hiyo kila alasiri nakaa kwenye jiwe na kutazama vile vijiti, mtu asije akaving'oa.

Ijumaa, 25 Mei

Kijiti cha upande wa magimbi kimevimba kwenye pingili ya pili kutoka juu. Cha majini bado. Mnana mmoja amekuja na jani mdomoni, ametua juu ya kile cha magimbi, kimeinama, ameondoka. Amerudi mara nne. Hajaamua.

Jumatano, 30 Mei

Cha majini kimetoa jicho leo asubuhi, dogo kama punje ya mtama, jekundu kwa chini na kijani kwa juu. Nilimwita Mama Nafuna. Aliinama, akaligusa kwa kucha, akasema, "Haya. Majani mawili, halafu safari njema."

Nimehesabu siku kutoka jicho, kama tulivyohesabu kwetu. Majani mawili ni siku kumi au kumi na moja. Nimempigia Benedicte nikamwambia maharage aliyopanda yasivunwe bila mimi: napanda basi Jumatatu tarehe 11 Juni, na Jumatano tarehe 13 jioni, barabara ikiruhusu, nitakuwa nyumbani.